Ukuta Unaoitika: mwongozo kamili wa kuchora, kurekodi na kuunganisha ukuta wenye sauti mtaani Nairobi

Mtoto wa kwanza kuugusa ukuta wetu wa Kariobangi aliweka kiganja kwenye ubavu wa nganya, matatu ya madoido, iliyochorwa, na ukuta ukamjibu: "Tao mbao! Tao mbao!" Akaruka nyuma, akamtazama mamake, kisha akarudi na viganja vyote viwili. Kufikia jioni kulikuwa na foleni. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na ukuta ukaanza kunadi nauli peke yake saa nane za usiku, hadi keateka, mtunza ploti, akatoka na tochi na kung'oa waya. (Nauli yenyewe ya mbao, yaani shilingi ishirini hadi tao, siku hizi ni ya kuota tu, lakini hilo halikumtuliza.)

Nimeuandika mwongozo huu nikiwa na siku zote mbili akilini. Tunachotengeneza ni mchoro wa ukutani wenye sehemu sita za kuguswa. Chini ya rangi kuna vipande vya shaba. Nyuma kuna bodi ndogo ya kompyuta, kichezeshi cha sauti na spika. Ukigusa, unasikia mtaa ule ule uliosimama ndani yake. Tenga wikendi tatu, na watu watatu kama unaweza kuwapata: mmoja wa brashi, mmoja wa masikio, mmoja wa waya.

Hatua ya kwanza: ukuta na wenyewe

Ukuta bora si ule mkubwa wala ule unaoonekana kutoka barabara kuu. Tafuta ulio na paa au kibaraza kinachoukinga na mvua, ulio karibu na soketi ya mtu anayekubali kukupa umeme, na ambao watu husimama mbele yake wakisubiri kitu: kinu cha posho, kinyozi, steji. Sisi tulichukua ukuta wa duka la kawaida, mita 3 kwa 2, kando ya mahali watu wanapongojea matatu.

Ruhusa zinafuatana hivi. Anza na mwenye ploti, si mpangaji. Mpangaji atakubali leo na kuhama kesho. Andikianeni karatasi ya ukurasa mmoja: nani anachora, nini kinachorwa, nani analipa umeme, na ukuta utarudishwaje rangi yake ukikataliwa. Kisha keateka, kisha mzee wa nyumba kumi. Ukuta ukitazama barabara ya umma, ulizia pia ofisi ya kaunti kabla ya kufungua kopo, maana kazi ikionekana kama tangazo la biashara utadaiwa ada za matangazo. Mwisho, na wengi husahau, nenda ukaongee na vijana wa beis, maskani yao, iliyo karibu. Hao ndio watakaokuwa walinzi wako au wezi wa shaba yako, na tofauti mara nyingi ni kama walishika brashi au hawakushika.

Fikiria pia ukuta wenyewe unapata nini. Msanii Mfaransa JR alipobandika picha za macho na nyuso za akina mama juu ya mapaa ya Kibera mwaka 2009, alizichapisha kwenye turubai isiyopitisha maji. Mwenye nyumba alipata picha na paa lisilovuja kwa pamoja. Kwetu, mama mwenye duka alitaka jina la duka liandikwe upya na taa iwekwe juu ya mlango. Tulifanya yote mawili kabla ya kuchora chochote chetu.

Hatua ya pili: sikiliza kabla ya kuchora

Hapa ndipo ninapobishana na wachoraji wenzangu. Wao huja na picha tayari kwenye simu, halafu wanauliza tutaweka sauti gani. Nasema sauti ije kwanza, nayo ndiyo ichague picha. Kaa mahali pale saa moja bila kurekodi. Andika kila unachosikia kwenye daftari, na saa yake. Rudi alfajiri, saa kumi na moja unusu, kabla magari hayajafunika kila kitu, kisha rudi jioni.

Kariobangi ina mafundi wa jua kali, kwa hiyo daftari letu lilijaa vyuma: nyundo kwenye bati, jiwe la kunolea, sufuria inayotupwa juu ya nyingine. Kwenye soko la Gikomba ungepata watu wa mikokoteni wakipasua njia kwa "Mguu! Mguu!". Kila mtaa una muziki wake ambao wakazi wameacha kuusikia. Mwanamuziki KMRU, aliyezaliwa hapa Nairobi na ambaye ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, amejijengea jina duniani kwa kurekodi mazingira ya namna hii na kuyafuma kuwa muziki. Anayetaka kwenda mbali zaidi kwenye muziki wa majaribio, Santuri pale Westlands wamekuwa wakifundisha utengenezaji wa muziki wa kielektroniki. Kwa ukuta huu, simu yako inatosha.

Weka simu kwenye hali ya ndegeni, la sivyo mtandao utaacha alama yake ya "drrt-drrt-drrt" katikati ya sauti nzuri kuliko zote. Tumia programu inayohifadhi faili za WAV. Kwa hezi 44,100, biti 16, stirio, kila dakika hula megabaiti 10 na ushee, kwa hiyo futa video za harusi kwanza. Upepo ni adui mkubwa: visha sehemu ya maiki soksi nene au kipande cha sweta ya mtumba yenye manyoya. Rekodi kila kitu kwa dakika tatu hata kama unahitaji sekunde nne, na mwishoni taja kwa mdomo mahali na saa. Baada ya wiki mbili utajishukuru.

Sauti ya mtu ni mali yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo, lakini hata bila sheria, mwendee makanga umwambie sauti yake itakuwa ukutani. Wetu alikataa rekodi ya kwanza, akakohoa, akapangusa midomo, akarudia mara nne hadi akaridhika. Ile ya nne ndiyo iliyo ukutani.

Hatua ya tatu: maiki ya kubandika

Simu husikia hewa. Kuna sauti nyingine zinazosafiri ndani ya vitu vyenyewe, kwenye mlingoti wa taa, kwenye ua wa waya, kwenye mkokoteni uliobeba magunia. Hizo unazipata kwa kisahani cha piezo, kile kile kinachopiga kelele ndani ya saa za kengele na vifaa vya kuchezea. Maduka ya vifaa vya elektroniki Luthuli Avenue huwa navyo. Omba chenye kipenyo cha milimita 27, na ununue vitatu kwa sababu kimoja utakiunguza.

Kisahani kina sehemu mbili: duara la shaba nyeupe nje na duara jeupe la kauri katikati. Waya wa ishara unaunganishwa kwenye kauri, ule wa ganda la kebo unaunganishwa kwenye chuma. Chuma cha solda kiguse kauri kwa sekunde moja au mbili tu. Ukikawia, mipako yake inabanduka na kisahani kimekufa. Upande wa pili weka jeki ya gitaa. Paka kisahani kizima rangi ya kucha, tabaka mbili, ili kisiingie unyevu.

Sasa utachomeka kwenye simu, usikie sauti nyembamba kama redio ndani ya kopo, udhani umekosea. Hujakosea. Kisahani cha namna hii kina uwezo wa kapasita wa nanofaradi 20 hivi, na kikikutana na kifaa chenye ukinzani mdogo, besi zote humwagika. Kwenye tundu lenye ukinzani wa oumu 10,000, kila kitu chini ya hezi 800 hivi kinaanza kupotea. Kwenye tundu la gitaa la kifaa cha kurekodia, lenye oumu milioni 1, kikomo hicho kinashuka hadi hezi 8, chini ya uwezo wa sikio. Kwa hiyo azima kifaa chenye tundu la gitaa kutoka studio ya jirani, au mwombe fundi akujengee kikuza sauti kidogo cha transista moja.

Kukibandika, kibanio cha nguo kinashinda gundi zote. Tulikibana kwenye ukingo wa sufuria ya alumini iliyokuwa ikigongwa na fundi, na pigo moja likatoa mlio wa sekunde nne uliotunyamazisha wote, fundi mwenyewe akiwemo. Amegonga sufuria miaka mingi na hakuwahi kusikia zinavyolia kwa ndani.

Hatua ya nne: kukata na kupika

Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure na inatosha. Chagua sauti sita, kila moja kati ya sekunde tatu na kumi na sita. Fupi kuliko hapo ni kengele ya mlango. Ndefu kuliko hapo, mtoto wa pili kwenye foleni anaanza kusukuma.

Majaribio ndiyo yanayoutofautisha ukuta huu na redio. Ule mlio wa sufuria tuliupunguza kasi hadi robo: sekunde nne zikawa kumi na sita, sauti ikashuka oktava mbili, na nyundo ya Kariobangi ikawa kengele ya kanisa lisilokuwepo. Geuza sauti ya mkokoteni nyuma-mbele. Lalisha sauti mbili juu ya nyingine. Lakini acha angalau mbili zikiwa mbichi kabisa, kama ya makanga wetu, maana mtu anapotambua mtaa wake ndipo anapokubali kusikiliza zile ngeni.

Mwisho, ondoa kila kitu chini ya hezi 200. Spika ndogo haiwezi kukitoa, inajichosha tu na kukwaruza. Hifadhi kama MP3, uzipe majina 0001.mp3 hadi 0006.mp3, uziweke ndani ya folda iitwayo mp3 kwenye memori kadi ya kawaida isiyozidi gigabaiti 32, iliyofomatiwa FAT32. Nakili moja moja kwa mpangilio.

Hatua ya tano: ubongo

Unahitaji bodi ya ESP32 ile ya kawaida, moduli ya DFPlayer Mini (ndiyo kichezeshi cha sauti), spika ya wati 3, rezista ya oumu 1,000 na waya. ESP32 inafaa kwa sababu ina pini 10 zinazohisi mguso zenyewe, bila kifaa cha ziada. Mwili wa binadamu hubeba chaji; kidole kikikaribia kipande cha chuma kilichounganishwa na pini, kipimo hubadilika. Haihitaji kubonyezwa, na hisia hiyo hupita kwenye tabaka jembamba la rangi. Hiyo ndiyo siri nzima ya ukuta huu.

Usizitumie pini zote kumi. Namba 0, 2, 12 na 15 zina kazi wakati bodi inawaka, na ukiziunganisha na shaba ukutani bodi inaweza kugoma kuamka. Zinabaki 4, 13, 14, 27, 32 na 33. Ndiyo maana sauti ni sita.

DFPlayer iunganishe na pini 16 na 17: pini ya kutuma ya upande mmoja huenda kwenye ya kupokea ya upande wa pili. Rezista ya oumu 1,000 iweke kwenye waya unaoingia pini ya kupokea ya DFPlayer. Ukiiacha utasikia msumari ukikwaruza chinichini muda wote. Spika inaunganishwa na moduli moja kwa moja. Kumbuka DFPlayer hucheza faili moja kwa wakati mmoja: ukigusa ya pili, ya kwanza inakatika. Sisi tuliona ni kasoro; watoto wakaifanya kuwa mchezo wa kurukia sauti.

Programu yenyewe iandike kwa Arduino, programu ya kompyuta ya kuandikia bodi kama hizi, na maktaba za DFPlayer ni za bure. Mantiki yake ni hii. Ukuta unapowaka, subiri sekunde tano bila mtu kugusa, soma kila pini mara nyingi, hifadhi wastani kama kipimo cha utulivu. Baada ya hapo soma mfululizo. Kwenye ESP32 ya kawaida namba hushuka unapogusa. Kwetu ilitulia kwenye 60 hivi na kushuka chini ya 35 kiganja kilipotua, kwa hiyo mpaka tuliuweka 45. Zako zitakuwa tofauti. Zitazame kwenye skrini ya kompyuta ukiwa mbele ya ukuta halisi, si mezani, kwa sababu urefu wa waya hubadilisha kila kitu. Weka waya wa kila kigusio chini ya mita moja, na usizifunge pamoja kama fagio, la sivyo zitaambukizana.

Hatua ya sita: plasta, shaba, rangi

Ukuta wa mawe ya Ndarugo usio na plasta utakunywa rangi yako yote na kuomba nyingine. Upige plasta angalau sehemu ya mchoro, uache ukauke kabisa, upitishe msasa, kisha andakoti. Ukuta wa mabati ni kisa kingine: bati lote ni kondakta moja, kwa hiyo shaba ikigusana nalo hata kidogo, ukuta mzima unakuwa kigusio kimoja kikubwa. Kwa mabati, bandika vipande vya plaiwudi kwanza na uweke shaba juu yake.

Ukiishapaka rangi ya msingi na ikakauka, bandika mkanda wa shaba. Kila kigusio kiwe na ukubwa wa kiganja, na nafasi ya sentimita 30 au zaidi kati yake na jirani yake. Vipande vinavyopandana vitie solda. Gundi ya chini ya mkanda mara nyingi haipitishi umeme. Pitisha waya kwenye tundu dogo la kuchimba kwa drili hadi nyuma. Jaribu kila kimoja sasa, kabla ya rangi.

Kuhamisha mchoro, mbinu ya zamani ya waandishi wa mabango bado haijapata mpinzani. Chora kwenye karatasi ya sentimita 30 kwa 20, igawe kwa miraba ya sentimita 3, kisha ukutani piga miraba ya sentimita 30 kwa uzi wa chaki wa mwashi. Unachora mraba mmoja kwa mmoja. Waanzilishi wa Maasai Mbili, lile kundi la Kibera lililoanza mwaka 2001, walitoka kwenye kazi hiyo hiyo ya mabango, na herufi zao bado zinaonyesha mkono uliojifunza kwa kulipwa na mwenye kioski. Watoto wa beis wape miraba ya chini wapake. Miraba yao ndiyo haijachorwachorwa hadi leo.

Rangi za spreyi zinaleta uchangamfu, lakini zitumie kwa mistari na vivuli. Kujaza uwanja mkubwa kwa makopo ni kuchoma pesa. Epuka rangi za fedha na dhahabu juu ya vigusio, zina unga wa metali ndani na zinaweza kuwaunganisha majirani. Pia usipime chochote rangi ikiwa mbichi: rangi ya maji isiyokauka hupitisha umeme na utadhani kila kitu kimeharibika. Subiri siku mbili. Jua la hapa, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hula nyekundu na waridi kwanza, kwa hiyo maliza kwa vanishi ya nje, tabaka mbili.

Hatua ya saba: umeme, mvua, usiku

Umeme wa volti 240 usikaribie ukuta. Chaja ya simu ikae ndani ya duka. Kinachotoka nje kiwe volti 5 tu. Chagua chaja nzuri, kwa sababu zile za barabarani hutetemesha vipimo hadi ukuta uone vidole visivyokuwepo. Powabanki inavutia, ila nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula kidogo, na tena ukuta usio na njia ya ardhini huhisi mguso kwa udhaifu. Ukilazimika kutumia betri, unganisha hasi ya bodi na fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini.

Spika tuliiweka ndani ya debe la mafuta ya kupikia lililokatwa upande mmoja, mdomo ukitazama chini ili maji yasiingie, na sponji ndani ili lisitetemeke. Debe linaipa sauti kifua ambacho boksi la plastiki haliwezi.

Sasa ile mvua. Maji yanayotiririka ukutani huunganisha vigusio vyote na ardhi, na bodi inasoma vidole sita. Tulitibu kwa mambo matatu. Kibaraza kiliongezwa nusu mita ya bati. Programu ikaambiwa: zaidi ya vigusio vitatu vikiguswa kwa pamoja, nyamaza kwa dakika moja, maana binadamu hawagusi hivyo na mvua hugusa hivyo. Na kipimo cha utulivu kikawa kinajisahihisha polepole kila baada ya dakika chache, kufuata unyevu unavyopanda na kushuka. Kama unaweza kuchagua, epuka kujenga kati ya Machi na Mei.

Usiku uzime ukuta. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na jirani yako anahesabu mapema zaidi. Swichi ya ukuta iwe ndani ya duka, mkononi mwa mtu anayefunga duka.

Memori kadi nayo iwe mahali pa kufikika, na acha ya akiba kwa mwenye ukuta pamoja na karatasi yenye majina ya faili. Mwezi mmoja baada ya kumaliza nilipita pale nikagusa kigusio cha nne, mahali palipokuwa na mkokoteni wetu wa nyuma-mbele. Ilitoka sauti ya mama mwenye duka akisoma majina ya wanaodaiwa mkopo wa maziwa na mkate.